Sauti ya Mradi Ikiwa na Kasoro: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubadilisha Programu ya Kuhariri

Mwongozo huu umetokana na kazi ya miezi kadhaa hapa Bagamoyo, tulipokuwa tukitengeneza programu ya simu inayomwongoza mgeni katika Mji Mkongwe na katika magofu ya Kaole kwa simulizi za sauti, vituo 24 kwa jumla, kila kituo na msimuliaji wake au ngoma yake. Katika kipindi hicho nilibadilisha programu ya kuhariri sauti mara tatu, na kila mara nilikuwa na hakika kwamba ile niliyoiacha ndiyo yenye ubovu. Nilipokuja kuzipitia kumbukumbu zangu, niliona kwamba ni badiliko moja tu lililokuwa na sababu ya kweli. Kasoro zilizonifanya nibadilishe zile nyingine zilikuwa kwenye waya, kwenye simu ya kurekodia, au kwenye msimbo niliouandika mwenyewe, na zilinifuata hadi kwenye programu mpya zikiwa vilevile.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni programu ipi iliyo bora, uliza kasoro imeingilia wapi. Sauti ya mradi hupita mahali panne: faili ghafi kutoka kwenye kinasa sauti, mradi ulio ndani ya programu ya kuhariri, faili iliyotolewa baada ya kuhariri, na hatimaye programu yako mwenyewe inayoicheza kwenye simu au kwenye kivinjari. Isikilize sauti katika kila hatua kwa kutumia kichezaji kingine kisichohusika na mradi, na usiruke hatua hata moja. Mahali pa kwanza kasoro inaposikika ndipo pa kushughulikia, na ikiwa mahali hapo si hatua ya pili au ya tatu, kubadilisha programu ya kuhariri hakutakusaidia lolote.

Msimuliaji anasikika kama mtu mwingine

Dalili hii ilinifikia kwa mdomo wa msimuliaji mwenyewe. Nilikwenda nyumbani kwake, nikamwamkia, nikamchezea simulizi yake ya Kaole kwenye simu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu mbona kama mdogo wangu?" Nilidhani ni kule kutoizoea sauti yako ukiisikia kutoka nje, jambo linalowapata watu wengi. Alikataa. "Hapana. Maneno ni yangu, lakini mimi sisemi mbio hivi."

Alikuwa sahihi. Tulikuwa tumemrekodi kwa sampuli (vipimo vidogo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, kiwango kilichozoeleka tangu enzi za diski za CD, na katika msimbo wa kuchezea sauti nilikuwa nimeandika namba 48,000 kwa mkono, kwa sababu ndicho kiwango kinachotumika sana kwenye video. Simu ilitii namba niliyoipa, ikazimaliza sampuli za sekunde moja kabla sekunde haijaisha. Kwa hali hiyo sauti hukimbia na kupanda kwa takriban asilimia 8.8. Hiyo haitoshi kumfanya mtu asikike kama katuni, na ndiyo sababu hatukuigundua sisi tulioisikiliza kila siku, lakini inatosha kumpunguzia mzee miaka kumi na tano. Makosa yakiwa kinyume chake, yaani faili ya 48,000 ikichezwa kama ya 44,100, msimuliaji huwa mzito na mvivu wa kusema.

Kipimo cha kuthibitisha ni saa. Simulizi ya dakika 10 ikichezwa kwa kosa hili huisha baada ya dakika 9 na sekunde 11. Ukiona tofauti hiyo hasa, acha kutafuta mahali pengine. Programu za kuhariri zenyewe hukosea hapa mara chache sana, kwa sababu faili ya WAV hubeba kiwango chake katika kichwa chake, yaani maelezo mafupi yaliyo mwanzoni mwa faili, na Audacity, ocenaudio au REAPER hukisoma na kukibadilisha zenyewe pale faili za viwango tofauti zinapokutana katika mradi mmoja. Hatari ipo pale unapoingiza data ghafi isiyo na kichwa, au pale msimbo wako unapodhani badala ya kusoma. Soma kiwango kutoka kwenye faili, au amua kiwango kimoja cha mradi mzima, kisha utoe faili zote kwa kiwango hicho. Sisi tulichagua 48,000 kwa sababu tulikuwa na video pia.

Kwenye hedifoni sauti ipo, kwenye spika ndogo imetoweka

Hii ndiyo dalili iliyonipotezea muda mwingi kuliko zote, na naieleza kwa urefu kwa kuwa sijaikuta ikielezwa vya kutosha kwa Kiswahili. Tulirekodi ngoma na utangulizi wa mdomo katika ukumbi uliokuwa na mixa, mtambo wa kuchanganya sauti za maiki kadhaa. Nilichukua sauti kutoka kwenye tundu kubwa la mixa, nikaipeleka kwenye tundu dogo la kurekodia la kompyuta kwa waya nilioununua dukani. Kwenye hedifoni utangulizi ulisikika vizuri, ingawa kwa namna ya ajabu kidogo: msemaji hakuwa katikati ya kichwa changu bali kama nyuma ya masikio. Nilipoicheza rekodi hiyohiyo kwenye spika moja ndogo ya bluetooth, maneno yalipotea karibu yote, ikabaki mvumo mwembamba wa mbali. Nilidhani faili imeharibika wakati wa kutolewa, nikabadilisha programu ya kuhariri. Matokeo hayakubadilika.

Chanzo kilikuwa kwenye plagi. Plagi ya aina hiyo ina sehemu tatu za chuma: ncha, pete na shina. Mixa hutuma sauti kwa njia ya mizani, maana yake sauti ileile inapita mara mbili, kwenye ncha ikiwa kama ilivyo na kwenye pete ikiwa imepinduliwa juu chini, ili kifaa cha upande wa pili kiweze kuondoa kelele zilizoingia njiani. Tundu la kompyuta, kwa upande wake, huihesabu ncha kuwa chaneli ya kushoto na pete kuwa chaneli ya kulia. Hivyo nikapata faili ya stereo ambayo upande wa kulia ni kinyume kamili cha wa kushoto. Sikio la kushoto na la kulia likisikia kila moja upande wake hakuna kinachopotea. Spika moja inapozijumlisha chaneli mbili, kilichopanda huku hukutana na kilichoshuka kule, na jumla yake ni karibu sifuri.

Kuithibitisha ni rahisi mno ukishajua pa kutazama. Fungua faili katika programu yoyote ya kuhariri, kuza picha ya mawimbi mpaka uone mstari mmoja mmoja ukipanda na kushuka, kisha linganisha chaneli ya juu na ya chini. Ikiwa kila kilima cha juu kina bonde lake chini yake hasa, kama mnazi na kivuli chake majini, umempata mhusika. Dawa yake ni kutenganisha chaneli, kufuta moja, na kutoa faili ikiwa mono, yaani ya chaneli moja. Programu zote tatu nilizozitaja hufanya hivyo, na Audacity inaweza pia kuipindua chaneli moja ukihitaji kubaki na zote mbili. Rekodi haijapotea hata kidogo. Kwa safari ijayo tumia waya unaofaa, au kifaa cha kati cha USB chenye tundu la mizani.

Nashauri kila mradi wa simu ujaribiwe kwenye spika moja kabla ya kutolewa, kwa sababu mgeni anayetembea Mji Mkongwe mara nyingi hushika simu mkononi na kuwasikilizisha wenzake.

Sauti imesafishwa, lakini msemaji kama yumo majini

Kaole iko karibu na bahari, na minazi yake haikai kimya. Tulirekodi pale mchana wenye upepo, kisha nikatumia zana ya kupunguza kelele kwa nguvu kubwa, nikaona programu haina uwezo kwa kuwa maneno yalianza kugugumia na kumetameta kama redio isiyokamata stesheni.

Zana hizi, ile ya Audacity ikiwamo, hufanya kazi kwa kujifunza. Unaionyesha kipande chenye kelele tupu, inaipima kelele hiyo katika kila masafa (kuanzia sauti nzito hadi nyembamba), kisha inapunguza kile kinachofanana nayo katika rekodi nzima. Njia hiyo hufaa sana kwa kelele isiyobadilika, kama feni au friji. Upepo na mawimbi hubadilika kila sekunde, kwa hiyo kipimo cha sekunde ya kwanza si kweli tena katika sekunde ya tano, na kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo zana inavyokata sauti ya mtu pamoja na kelele. Punguza desibeli 6 mpaka 9 badala ya 20, kata masafa yaliyo chini ya Hz 80 ambako upepo mwingi hukaa, na kelele kidogo ya bahari iache ibaki. Binafsi naona simulizi ya Kaole isiyo na bahari kwa mbali imepungukiwa. Ikiwa maneno hayasikiki, rudi ukarekodi asubuhi na mapema ukiwa umeivika maiki kifuniko cha manyoya.

Ngoma ina ugonjwa wake wa karibu na huo. Pigo la kwanza huwa kubwa kuliko yote yanayofuata, na likivuka kikomo cha kinasa, vilele vya mawimbi hukatwa vikawa bapa. Kwa kuwa Audacity huhesabu ndani kwa biti 32 za desimali, wako wanaodhani kwamba kuishusha sauti ndani ya programu kutarudisha vilele. Hakuwezi, kwa sababu vilikatwa kabla ya kuifikia programu. Mwombe mpigaji apige kwa nguvu zake zote wakati wa kujaribu, ukiwa umeweka kilele karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, sifuri ikiwa ndiyo kikomo chenyewe.

Kipande kinachojirudia kina pengo dogo

Mandhari ya sauti inayojirudia, kwa mfano mawimbi chini ya ramani au mdundo wa ngoma kwenye ukurasa wa mwanzo, ikitolewa kwa MP3 huacha kimya kifupi kila inapoanza upya. Katika mradi haisikiki, katika faili iliyotolewa inasikika. MP3 huhifadhi sauti katika vifungu vya sampuli 1,152 na huongeza kimya mwanzoni na mwishoni ili kuvijaza, na hakuna programu ya kuhariri inayoweza kuliondoa jambo hilo kwa uhakika katika kila kichezaji. Toa kipande hicho kwa Ogg Vorbis au WAV. Ukisikia mlio wa "tak" badala ya kimya, hapo sababu ni nyingine: umekata mahali ambapo wimbi halipo kwenye mstari wa sifuri. Sogeza mkato, au uweke mfifio, yaani sauti ipande au ishuke taratibu, wa milisekunde chache kila upande.

Kituo kimoja kinapiga kelele, kinachofuata kinanong'ona

Nilizisawazisha faili zote 24 kwa kilele, kila moja ikifika kiwango kilekile cha juu, na bado mgeni alilazimika kuongeza na kupunguza sauti kila kituo. Kilele hakipimi ukubwa unaosikika. Pigo moja la ngoma linaweza kufikia kilele ilhali maneno yaliyobaki yako chini kabisa. Kipimo kinachofuata usikivu wa binadamu ni LUFS, kilichojengwa juu ya kanuni ya kimataifa ya kupima ukubwa wa sauti, ITU-R BS.1770. Watangazaji wa Ulaya hutumia LUFS -23, na kwa simulizi za kusikilizwa kwenye simu nje ya nyumba sisi tulitumia -16.

Hapa uchaguzi wa programu unaanza kuwa na maana, kwa sababu kazi hii hurudiwa kila msimuliaji anaporekebisha sentensi moja. Ocenaudio ni nyepesi na inapendeza kwa faili moja moja. Audacity ina uwezo wa kuhifadhi mfululizo wa hatua na kuutumia kwa faili nyingi. Kwa msanidi programu, hata hivyo, naona FFmpeg haina mpinzani kwa hatua hii: haina dirisha, inaendeshwa kwa amri, nayo inaweza kuingizwa katika skripti ileile inayojenga programu yako. Kichujio chake cha kusawazisha ukubwa wa sauti, loudnorm, kiendeshe mara mbili, mara ya kwanza kupima na ya pili kutumia vipimo hivyo. Taja pia kiwango cha sampuli unachotaka, kwa kuwa usipokitaja huenda ukapata faili ya sampuli 192,000 kwa sekunde, na hapo utakuwa umerudi kwenye dalili ya kwanza kwa mlango mwingine.

Dalili tatu ambazo hazihitaji maneno mengi

Faili ya M4A iliyorekodiwa kwa simu ikikataa kufunguka katika Audacity, mara nyingi kinachokosekana ni maktaba ya FFmpeg, ambayo husakinishwa kando. Video ya simu ambayo midomo inaanza sawa na maneno, kisha inaachana nayo kidogo kidogo, huwa imerekodiwa kwa idadi ya picha kwa sekunde inayobadilikabadilika. Igeuze kwanza iwe ya idadi isiyobadilika, ndipo uhariri, na ikiwa sehemu kubwa ya mradi wako ni video, hariri sauti humo humo ndani ya programu ya video kama DaVinci Resolve badala ya kuihamisha huku na huko. Na ukurasa wa wavuti ukiwa kimya kabisa kwenye Chrome ilhali faili ni nzima, kumbuka kwamba tangu mwaka 2018 kivinjari hicho huzuia sauti kuanza kabla mtumiaji hajagusa ukurasa. Weka kitufe cha kuanzia.

Mradi haufunguki kwa mwenzako, au Git inaukataa

Hii ndiyo dalili iliyonifanya nibadilishe programu kwa haki. Mwenzangu alikuwa Dar es Salaam, mimi Bagamoyo, na tulihifadhi kila kitu katika hazina moja ya Git, mfumo unaotunza kila badiliko la faili za mradi. Siku ya kwanza alipofungua mradi wangu wa Audacity alikuta orodha ya makosa na nafasi tupu. Ulikuwa mradi wa zamani wa aina ya AUP, ambao huwa faili moja ndogo pamoja na folda ya data yenye mamia ya vipande, nami nilikuwa nimeituma faili bila folda. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 Audacity huweka kila kitu katika faili moja ya AUP3, na kosa hilo haliwezekani tena. Nikapandisha toleo, nikadhani tumemaliza.

Tatizo lilibadilika sura. Faili ya AUP3 ni hifadhidata (ya aina ya SQLite), si maandishi, na Git huiona kama bonge moja lisilosomeka. Nikisogeza mkato mmoja kwa nusu sekunde, hazina hupokea bonge zima upya, na mwenzangu hana namna ya kuona nilichobadilisha. Tena linanenepa haraka: chaneli moja kwa sampuli 48,000 na biti 32 huchukua megabaiti 11.5 kwa dakika, hivyo mradi wa dakika kumi tu huvuka megabaiti 100, kikomo ambacho GitHub, tovuti inayohifadhi hazina za Git, hukataa faili moja kukivuka.

Kwa hiyo swali lililotufaa lilikuwa moja: mradi huhifadhiwa kama maandishi au la? REAPER huhifadhi mradi katika faili ya RPP, ambayo unaweza kuifungua kwa kihariri chochote cha maandishi na kuona kila kipande kimewekwa sekunde ya ngapi, kina mfifio gani, na kinatoka faili ipi. Ardour, inayotumiwa sana na watu wa Linux, hutumia XML, ambayo nayo ni maandishi. Sauti zenyewe hubaki kando zikiwa WAV zisizoguswa, na hizo tuliziweka chini ya Git LFS, nyongeza ya Git kwa faili kubwa. Sasa mwenzangu akibadilisha kitu naona mistari miwili au mitatu imebadilika, nami najua nisikilize wapi. REAPER pia hukubali skripti za lugha ya Lua, na tuliitumia kutengeneza alama za vituo vyote 24 kutoka kwenye jedwali letu badala ya kuziandika moja moja.

Kwa upande wa gharama, Audacity, Ardour na FFmpeg ni programu huria, ingawa Ardour huomba malipo kwa toleo lililokwisha kuandaliwa, na leseni zao hazidai chochote juu ya sauti unazozitoa. REAPER inaruhusu majaribio ya siku 60, kisha leseni nafuu ya dola 60 kwa mtu binafsi na kwa biashara ambayo mapato yake ghafi hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Adobe Audition ina zana nzuri za kusafisha sauti, lakini hulipiwa kwa vipindi, na mradi wa makumbusho au wa mji unaotarajiwa kufunguliwa tena baada ya miaka mitano usingependa kukuta mlango umefungwa kwa sababu kadi haikulipa mwezi ule.

Ukihamia REAPER, fanya jambo moja kabla ya kurekodi neno la kwanza: hifadhi mradi ukiwa umechagua faili zote za sauti zinakiliwe ndani ya folda ya mradi. Usipofanya hivyo, RPP itaandika njia kamili ya kompyuta yako, na mwenzako atafungua mradi wenye mikato sahihi, majina sahihi, na kimya kuanzia mwanzo hadi mwisho.